Sifa za Mashine Iliyogoma Kuwaka

Mkoani Simiyu kila chenye manufaa kimeshapata wa kukisifu. Pamba inasifiwa bungeni na kwenye mizani. Chaki za Maswa zimesifiwa, maziwa ya Meatu yamesifiwa, na viwanja vya Nyakabindi vinasifiwa tangu Nanenane ya kitaifa ilipofanyikia pale mwaka 2018. Aliyesahaulika ni mmoja: kompyuta mpakato ya mtumba iliyopigwa Windows ambayo mwenye Windows hakutaka ikae humo, na ambayo ukibonyeza kitufe cha kuwashia inakuonyesha mstari mmoja wa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, kisha inatulia. Huyo hana malenga. Basi leo nimejitwika kazi hiyo.

Tuelewane kwanza. Mashine iliyokufa siisifu. Hiyo haina taa, haina feni, na kazi iliyoibakia ni kutolewa RAM. Ninayoisifu ni nzima. Feni inavuma, taa ya chaji inawaka, kibodi inaitika. Imekamilika kila idara, ila haijaridhia.

Na inatoka ukoo wa heshima, unaoanzia kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Kwa desturi iliyojengeka katika ukoo huo, mashine ikiwashwa hujikagua kwa programu yake ya ndani iitwayo BIOS, halafu huenda kwenye diski na kusoma sekta ya kwanza, baiti 512 tu. Baiti mbili za mwisho humo lazima ziwe 55 na AA. Zisipokuwepo, mashine inatamka kwamba hakuna cha kuwashia, hata kama diski imejaa mitihani ya majaribio ya darasa la saba na picha za harusi za ukoo mzima. Baadaye ikaja UEFI, ambayo haihangaiki na sekta. Inafungua folda na kutafuta faili. Diski nazo zikahama kutoka mpangilio wa MBR, unaoishia terabaiti 2, kwenda GPT. Mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zinazijua desturi zote mbili, na hapo ndipo utamu ulipo. Ukitengeneza flashi kwa desturi ya zamani wakati mashine imewekwa kwenye mpya, haitakugombeza. Itajifanya haijaiona.

Kilichoipandisha hadhi mashine hii ni amri mbili kutoka Marekani. Tarehe 5 Oktoba 2021 Microsoft walitoa Windows 11 pamoja na masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0, UEFI yenye ulinzi wakati wa kuwasha, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni ya kizazi cha nane kwenda mbele, ukiacha chache zilizosamehewa. Tarehe 14 Oktoba 2025 wakafunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Hivyo mashine zilizokuwa zikichapa barua za kuomba kazi bila kukohoa zikatangazwa kuwa hazitambuliki. Tangazo hilo halikubandikwa stendi ya Bariadi. Mashine zetu nyingi zilishatumika maofisini huko Ulaya, zikapitia Dubai, zikashuka Kariakoo, zikapanda basi pamoja na maboksi ya vifaranga. Zinapofika Somanda, hapa Bariadi, zina miaka minane na tunaziita mpya.

Fundi wetu hakubishana na Microsoft. Alichukua programu ya Rufus, akatengeneza flashi isiyouliza habari za TPM, akapiga. (Habari ya leseni tuiache, makala hii ni ya sifa.) Mara nyingine mashine inakubali. Inapogoma ndipo tabia zake njema zinapoonekana.

Ya kwanza ni uadilifu. Kwenye ofisi nyingi ukienda na karatasi pungufu utaambiwa njoo kesho, kesho utaambiwa mhusika yuko semina, na keshokutwa mhusika atauliza kama hukumkumbuka hata kwa ya soda. Mashine hii haijawahi kumwambia mtu njoo kesho. Inakataa ndani ya sekunde chache, inamkataa mkuu wa idara na mwanafunzi wa kidato cha pili kwa maneno yaleyale, na masharti yake hayapungui kwa kuwa unajuana na mtu. Inakataa kwa Kiingereza, ni kweli. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice, na Microsoft nao wakaja na Windows ya Kiswahili, lakini hayo yote huanza baada ya mashine kukubali kuwaka. Kiswahili cha kukataliwa hatujaletewa bado. Hata hapo kuna usawa, maana mstari ule hauelewi hata aliyesoma London.

Ya pili ni ualimu. Mashine inayowaka vizuri haifundishi kitu. Unaweza kukaa nayo miaka kumi ukajua Word na YouTube basi. Sasa mtazame mwalimu wa historia kwenye benchi la steshenari, mashine mapajani, kioo kimegeuka bluu kwa lile kosa ambalo mafundi wa zamani wanaliita kwa namba yake, 0x0000007B.

“Fundi, hivi ni virusi?”

“Hapana, mwalimu. Windows imeanza kuamka, halafu imeikosa diski.”

“Imeikosaje wakati imo humohumo ndani?”

“Imo. Ila kuna mtu kaingia kwenye BIOS akabadilisha namna ya kuongea nayo. Ilikuwa AHCI, sasa iko RAID. Draiva ya RAID hiyo Windows haijaiandaa.”

Mwalimu anatikisa kichwa taratibu. Amefahamu kwamba kuwepo kwa diski hakutoshi, lazima mfumo uwe na wa kuongea nayo. Hakuna semina elekezi iliyowahi kumfikisha hapo, na hii hakulipwa posho.

Au vichukue vile vimpakato vidogo vya prosesa za Atom, familia ya Bay Trail. Prosesa ni ya biti 64, lakini vingi UEFI yake ni ya biti 32. Flashi nyingi za Linux hubeba faili iitwayo bootx64.efi, kimpakato kinatafuta bootia32.efi. Kisipoiona kinapita zake. Fundi atabadilisha flashi, atahamisha tundu la USB, atachomoa diski na kuirudisha, ataapa kwa Kisukuma, kumbe kilichopungua ni faili moja ndani ya folda ya EFI/BOOT. Anayegundua jambo hilo saa tano usiku hatalisahau maisha yake yote, na kesho yake ataanza kuliuza.

Lakini sifa ninayoipenda kuliko zote inatoka kwenye kitu cha ukubwa wa sarafu: betri ya CR2032, ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS wakati umeme haupo. Fundi analaza mashine kifudifudi juu ya kitambaa. Anafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa ya soda ili zisipotee, anabinua kava kwa kadi ya plastiki, kisha anaingiza ukucha pembeni ya kishikio mpaka betri inaruka. Anaigusisha mita: volti mbili na kidogo. Betri ikifika hapo, mashine ikichomolewa umeme inasahau usiku yote uliyoiagiza mchana. Mpangilio wa diski unarudi wa kiwandani, flashi inasukumwa mwisho wa foleni, na tarehe inarudi nyuma, tuseme tarehe 1 Januari 2009.

Hebu fikiri maana yake. Mkoa wa Simiyu umeanzishwa Machi 2012. Kwa mashine hiyo, mkoa haupo. Bariadi ni wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na mwenye shida na ofisi za mkoa adamkie gari. Ukiiingiza mtandaoni, tovuti moja baada ya nyingine zinakwama, kwa sababu vyeti vyao vya usalama, kwa hesabu ya mashine, muda wake wa kutumika haujaanza. Yenyewe haina wasiwasi. Dunia nzima ndiyo iliyokosea tarehe. Wapo wazee wa vikao vya harusi wenye msimamo wa namna hii, ila hao hatuwezi kuwabadilishia betri. Ya mashine inapatikana hata kwa wauza saa. Ikikaa mahali pake na tarehe ikarekebishwa, Simiyu inapata tena hadhi ya mkoa.

Tusisahau kazi yake ya ukaguzi wa bidhaa. Flashi iliyoandikwa GB 64 inaweza kuwa na GB 4 za kweli ndani, na iliyobaki ni uongo uliofundishwa chipu yake. Ukiijaza nyimbo haisemi kitu, picha zinaonekana zimeingia zote. Anayeiumbua ni mfumo endeshi: usakinishaji unakwenda vizuri, unafika mahali, unakwama kwenye faili isiyosomeka. Mwenye mashine anadhani mashine ndiyo mbovu, kumbe imemfanyia kazi ya mkaguzi wa viwango bila malipo. Na umeme ukikatika katikati ya zoezi, kwenye mpakato ambao betri yake ilishakuwa pambo, unachoweza kukuta baadaye ni GRUB, programu inayoiwasha Linux, imesimama kwenye mstari wa uokoaji, ikisubiri maelekezo ambayo pale dukani huyajui wewe wala jirani yako.

Wasukuma tunajua kwamba ngoma bila mpinzani hainogi. Baada ya mavuno makundi ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi na uwanja wake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Mashine iliyogoma imetuanzishia mashindano hayo mbele ya steshenari. Upande mmoja wanasimama watu wa Windows, wanataka ipigwe upya. Upande wa pili watu wa Linux, wanataka iwekwe Linux Mint. Kila upande una dawa zake, na dawa inayosifika kwa watu wa Linux ni neno moja, nomodeset, linaloongezwa kwenye mstari wa kuwashia pale kadi ya picha inapoacha kioo cheusi. Likikubali, kioo kinafunguka na uwanja wa Windows unapungukiwa watu. Aliyekuja kutoa fotokopi anapewa kiti, muuza karanga anafanya biashara. Kama mashine ingewaka mara ya kwanza, kila mtu angekuwa nyumbani kwake anatazama simu.

Wachongezi hawakosekani. Wanasema mashine hizi ni hatari, na kwa hili nawapa haki yao. Windows 11 iliyoingia kwa kuruka masharti haina ahadi ya Microsoft kwamba itapata masasisho ya usalama. Toleo la 24H2, la mwaka 2024, lilikwenda mbali zaidi: prosesa kongwe zisizojua agizo liitwalo POPCNT haziwezi kuliwasha kabisa, hata fundi aje na flashi ya namna gani. Kwa hiyo vitabu vya AMCOS, yaani chama cha ushirika, vyenye malipo ya wakulima wa pamba, visikae kwenye Windows ya kuchungulia dirishani. Viwekwe kwenye Linux inayosasishwa, ambayo kwenye mashine hizohizo inakaa kihalali. Najua lalamiko: jedwali lililochorwa kwa Word likifunguliwa LibreOffice linahama mistari. Jedwali lililohama linarekebishika kwa dakika kumi. Fedha za wakulima zikihama, tutaitana mkutano wa hadhara.

Ombi langu ni kwa wakuu wa shule, makatibu wa vyama vya ushirika na yeyote mwenye ufunguo wa stoo. Humo kuna mashine zilizoandikwa “mbovu” kwa kalamu nene, ambazo hazikuwahi kuharibika. Ziligoma mara moja tu mbele ya mtu mwenye haraka. Zitoeni. Mwambieni fundi ahamishe mafaili kabla hajapiga chochote, kwa kuwa diski ikishafutwa hakuna sifa itakayorudisha alama za kidato cha nne. Akishafungua mfuniko, abadilishe na betri ya saa hapohapo. Na mnapozileta, njooni na chaja zake.