Jinsi ya Kumpata Mtoto Asiyenyamaza

Ukitaka nyumba yenye utulivu, mwongozo huu haukufai. Huu ni wa mzazi anayetaka mtoto wa kumfuata hadi mlango wa choo akiuliza kwa nini jogoo hana meno. Paul Harris, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikadiria kwamba mtoto aweza kuuliza maswali ya kutaka maelezo yapatayo 40,000 kati ya umri wa miaka 2 na 5. Fuata maagizo upate fungu lako lote.

Anza kabla hajajua kusema. Mkiwa mnaoga, mnachambua mchele au mnasubiri daladala, msemeshe. "Naosha mguu. Mguu wa pili uko wapi?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoharibu: swali wanauliza wao, jibu wanatoa wao. Mpe nafasi. Akisema "gu", amejibu, nawe umjibu kwa heshima zote, maana amesema jambo. Runinga husema kutwa lakini haimngojei mtu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni heri zaidi.

Akianza kuunganisha maneno, atavuruga ngeli. Furahi! "Maji imemwagika," atasema, na zulia limelowa kweli. Usimsimamishe kama mtahiniwa. Sema: "Ehe, maji yamemwagika! Yamemwagikia wapi?" Amesikia umbo sahihi mara mbili na mazungumzo hayakukatika. Kumcheka ni marufuku kabisa. Anayechekwa mbele ya wageni kwa kusema "lafiki" hung'amua upesi kwamba kufunga mdomo kuna usalama, na hapo kazi yako yote imeharibika. Wapo pia wanaopatwa na kigugumizi katika umri huu. Wengi wao hukiacha. Usimmalizie neno, wala usimwamrishe aseme polepole. Sema polepole wewe.

Bibi akimsemesha Kisukuma, mwache bibi. Naona uchungu kila ninapowasikia wazazi wakimnyima mtoto lugha wanayoimudu, wakampa Kiingereza cha kuungaunga, eti apite usaili wa chekechea. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Kinachomnyima maneno ni kulelewa na watu wanaoishiwa maneno kila wakifungua kinywa.

Jioni, mwite: "Paukwa?" Akiitika "Pakawa", umemkamata. Akifika miaka 4, mwachie zamu ya kusimulia. Fisi atapanda bodaboda, atakufa, atafufuka, atadai chai. Usisahihishe kitu. Uliza tu, "Halafu?" Hapo ndipo anapojifunza kupanga matukio, kutaja nani alimfanyia nani nini, na kukumbuka kwamba msikilizaji hayumo kichwani mwake. Ni kazi kubwa kuliko kukariri herufi zote za alfabeti, na haihitaji ada.

Kuna hali moja ambayo maagizo haya hayatoshi: mtoto akiwa hasikii vizuri. Asiyegeuka akiitwa, anayetokwa usaha masikioni mara kwa mara, aliyetimiza miaka 2 bila kuunganisha hata "mama njoo", au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe hospitali achunguzwe, na masikio yapimwe kwanza. Usikubali mtu wa mtaani amkate udata kwa wembe. Ulimi ulioshikana chini huweza kutatiza kunyonya au sauti chache. Haumzuii mtoto kujifunza maneno, na jeraha la wembe halimpi hata neno moja. Jirani akikuambia kwamba wavulana huchelewa, na kwamba hata baba yake alichelewa, mshukuru, mbebe mwanao, mwende.