Ngeli za Dhahabu

Wasarufi wametugawia nomino katika ngeli, nasi hatukulalamika. Sasa tunaomba ruhusa ya kuigawa dhahabu inayopamba vyombo vya Japani vilivyopakwa utomvu wa mti wa urushi, kwa kigezo kimoja tu: inajionyesha kwa kiasi gani.

Kwanza utomvu wenyewe. Mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, na aliyewahi kubangua korosho anaujua ukali wa ukoo huo: utomvu wake unawasha mpaka ngozi inafura. Mti hulelewa miaka kumi na zaidi, ukagemwa msimu mmoja, ukatoa gramu 200 hivi, kisha ukakatwa. Tena utomvu huo haukauki juani. Hugandia katika kabati lenye unyevunyevu, jambo linalowaaibisha wote wenye nadharia za kuanika.

Ngeli ya kwanza ni ya dhahabu iliyolala, hiramakie: fundi huchora kwa utomvu, akanyunyizia unga wa dhahabu kabla haujaganda. Ya pili, takamakie, imesimama; mchoro umeinuliwa kwa matabaka hadi kidole kinaukwaa. Hii ni ngeli ya majivuno. Ya tatu, togidashi, ndiyo iliyotukosesha usingizi. Dhahabu hunyunyizwa, ikazikwa chini ya urushi, halafu fundi akaisugua kwa mkaa mpaka ifufuke, sawasawa na uso wa chombo. Akisugua kidogo, haionekani. Akizidisha, ameifuta.

Kuhusu maana za picha, tuwe wepesi. Korongo husemekana huishi miaka 1,000 na kobe 10,000, ndiyo maana wanafaa kwa zawadi za harusi. Kobe mzee ana mkia mrefu, ambao kwa kweli ni mwani uliomwotea mgongoni.

Iliyobaki ni ngeli ya wasiokuwepo. Wajapani huiita rusu-moyo, yaani pambo ambalo mwenye nyumba hayupo: unapiga hodi, hakuna wa kusema karibu. Sanduku la vifaa vya kuandikia la msanii Ogata Korin (1658–1716) lina maua na daraja la mbao la Yatsuhashi, pale ambapo msafiri wa Ise Monogatari, kitabu cha hadithi za kale, alitunga shairi. Msafiri hayumo, ni sentensi isiyo na mtenda, na msomaji wa zamani aliijaza mwenyewe. Majani ni ya dhahabu, maua ni vipande vya kombe ving'aavyo. Na daraja? Korin, mwana wa mfanyabiashara tajiri wa vitambaa vya fahari, alilitengeneza kwa risasi.