Sifa za Pikipiki Isiyowaka

Katika orodha ya wakweli waliobaki hapa kwetu, nafasi ya kwanza naipa pikipiki iliyotelekezwa. Sisemi pikipiki inayotembea. Hiyo inakutia moyo kwamba utafika, halafu inakata moto katikati ya mlima. Nasema ile iliyosimama miaka miwili nyuma ya banda la kuku, stendi imezama ardhini, kiti kimechanika, tairi la mbele limelala na cheni imegeuka fimbo ya kutu. Ukipiga kiki, haiwaki. Ukipiga tena, haiwaki. Haina "njoo kesho", wala haikwambii bosi ametoka kidogo. Inamkatalia kila mtu papo hapo, awe diwani au mwanafunzi wa kidato cha pili, na sababu ya kukataa kwake inajulikana kabla jua halijazama, mradi anayeuliza ajue la kuuliza.

Na maswali yenyewe ni matatu tu. Injini ya petroli, kuanzia ile ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976 na kuzaa ukoo mzima wa pikipiki za Kichina zilizojaa barabarani kwetu, haihitaji ila hewa iliyochanganyika na mafuta, mkandamizo wa kutosha, na cheche inayofika kwa wakati wake. Vikipatikana vyote, itawaka. Kikikosekana kimoja, haiwaki hata isomewe dua. Mwanagenzi anayeishika spana kwa mara ya kwanza aulize: ni dirisha gani jingine la huduma lenye masharti matatu, ambalo ukishayatimiza hayo matatu halikuongezei la nne? Cheche inapimwa hivi: unafungua plagi, unairudisha kwenye kofia ya waya wake, unaugusisha mwili wake na chuma cha injini, mbali na tundu la silinda kwa sababu mvuke wa petroli hauna mzaha, kisha unapiga kiki huku macho yako yakiwa kwenye pengo dogo la kama milimita 0.7. Cheche ya buluu inayoruka kwa nguvu ni ndiyo. Giza ni hapana. Ile ya njano iliyofifia ni "ndiyo, lakini ninaumwa", na hata hilo halikufichwa. Mkandamizo nao unaupima kwa kidole gumba ulichozibia tundu la plagi: kikisukumwa, upo. Ukiwa hafifu, dondosha oili kidogo ndani ya silinda na upime tena. Ukipanda, lawama ni za ringi za pistoni. Usipopanda, kaangalie valvu. Hakuna shahidi mahakamani anayejibu kwa unyoofu namna hiyo.

Lakini yote haya ni utangulizi. Utakatifu wenyewe wa pikipiki iliyokufa umekaa ndani ya kabureta, na ndani ya kabureta umekaa kwenye jeti ndogo, ile inayoilisha injini wakati hujavuta mafuta. Tundu lake halifiki nusu milimita. Petroli ikilala humo miezi kadhaa, sehemu zake nyepesi huruka na kuacha gundi ya kahawia yenye harufu ya vanishi, na gundi hiyo ikishakaa tunduni, jeti inafunga milango. Wajinga wanaita huko kuziba. Mimi naita msimamo. Jeti ndogo ndiyo afisa pekee ninayemfahamu ambaye haangalii sura. Mchanga wa pwani na vumbi la Singida vyote vinazuiwa kwa usawa. Kutu ya tangi haipiti hata ikijitambulisha kuwa ni ya tangi la nyumbani. Ikumbukwe kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ililazimika kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ya Tanzania, ili wanaoyachakachua wapate kukamatwa. Ni kazi nzuri, yenye maabara, magari na watumishi wa kulipwa. Jeti inatimiza wajibu wa jirani na huo tangu kabureta ilipobuniwa, bila posho ya safari, na haijawahi kuomba gari la ofisi. Kama nchi ingekuwa na shukrani, jeti moja ingevishwa nishani kila sikukuu ya Mei Mosi, na hotuba ya kuisifu ingekuwa fupi kuliko ya waziri.

Kuna watakaosema jeti nayo inahongeka. Wamemwona fundi akiichokonoa kwa sindano, ikafunguka, na pikipiki ikawaka. Kweli. Sindano ya chuma huipanua, na jeti iliyopanuliwa hupitisha kuliko inavyopaswa. Lakini tazameni kinachofuata. Tangu siku hiyo injini inakunywa mafuta kupita kiasi, plagi inajaa masizi, na bomba linatoa moshi mweusi mtaa mzima ukiona. Jeti ikipokea rushwa, inaitangaza hadharani siku hiyohiyo na haiachi kuitangaza mpaka ibadilishwe. Naomba nionyeshwe mpokeaji mwingine wa aina hiyo. Mwanagenzi mwenye adabu anailoweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, anaipuliza kwa upepo wa kompresa, kisha anaiinua juani na kuchungulia. Akiona duara dogo la mwanga, kamili pande zote, ruhusa imetolewa.

Fadhila nyingine nitazitaja kwa haraka maana hazina ubishi. Pikipiki isiyowaka haijamgonga mtu. Inahifadhi viumbe: panya kwenye chujio la hewa, nyigu kwenye bomba la moshi. Inaanikiwa nguo. Haiazimwi na shemeji.

Pingamizi zito ni jingine. Wapo wanaolalamika kwamba pikipiki hizi hazina ukweli wowote, zina nongwa: Jumatatu imewekewa plagi mpya na kuwaka, Alhamisi imegoma na plagi ileile. Jibu langu ni kwamba waiangalie plagi. Ina jina la kiwanda cha Kijapani, boksi linang'aa, lakini maandishi ya kwenye kauri yanafutika kwa kitambaa chenye petroli, nyuzi zake zinakwaruza, na kile kijembe cha chini kimekaa upande. Pikipiki imeikataa kwa sababu si plagi. Aliyesema ni plagi ni mwenye duka, tena alisema kwa ngazi: ipo orijino, ipo orijino ya India, na ipo orijino ya kawaida. Kenya ilipunguza makali ya kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, zikamiminika, na mwaka huohuo ikatunga sheria dhidi ya bidhaa bandia, kana kwamba mtu alijua vinakuja pamoja. Sheria ipo, mamlaka ipo, na vipuri hivyo vipo mezani, mchana, chini ya kibao. Plagi nitaisamehe, kwani hasara yake ni jasho. Ila kuna breki shuu ambazo kitambaa chake kimegundishwa ovyo, kikibanduka kwenye mteremko mtu amebeba mama na mtoto nyuma, na aliyeziuza anakula chakula chake cha mchana kwa amani. Hapo mzaha unanitoka. Huyo si mfanyabiashara mjanja. Ni mtu anayeua kwa risiti, na mara nyingi hata risiti hatoi.

Turudi kwenye sifa. Neno "kutelekezwa" linataka mtendaji, na hapa ndipo uchunguzi unapokuwa mtamu, kwa sababu pikipiki haijitelekezi. Nani basi aliyeiacha? Watu binafsi wamo, lakini wao ni wachuuzi wadogo wa jambo hili. Wauzaji wa jumla wana ua wenye geti na mlinzi. Pita kwenye vituo vya polisi vya miji yetu mikubwa uone zilivyolaliana, usukani wa hii umepenya kwenye rimu ya ile, nyasi zimetokea kwenye spoku. Nyingine zimo humo kwa haki: ziliibwa, ziliua, ni vielelezo vya kesi, na kielelezo hakiwezi kurudishwa barabarani kabla ya hukumu. Nyingine zilikamatwa kwa sababu dereva hakuwa na kofia ngumu au bima ilikwisha. Dereva huyo, kama ilivyo kwa bodaboda wengi, pikipiki si yake bado. Ni ya mkataba, na marejesho ya mkataba hayasimami kwa sababu pikipiki imesimama. Hana fedha ya faini kwa kuwa chombo cha kuitafutia kimefungwa kwa ajili ya faini. Baada ya masika mawili anaacha kwenda kuulizia, na faili linaandika kwamba mwenye mali hakujitokeza.

Ua wa pili ni wa ofisi za umma zisizo na pingu. Huko pikipiki hulala chini ya mwarobaini, tangini kuna nembo ya mradi uliokwisha, ubavuni namba ya mali ya serikali iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Nyingi hazikuuawa na mwendo. Ziliuawa na plagi, kitu cha bei ndogo kuliko kilo ya nyama, kwa sababu plagi inahitaji dokezo, dokezo linahitaji kasma, kasma ilikwisha robo ya pili, na mtumishi akitoa mfukoni mwake harudishiwi. Akakaa. Betri ikafa, mafuta yakageuka gundi, jeti ikafunga milango kama ilivyo desturi yake, na kisa cha plagi kikawa kisa cha injini.

Nitaambiwa ninaubeza utaratibu, na kwamba bila utaratibu mali ya umma ingegawanwa na wakubwa jioni moja. Hilo nalikubali bila masharti. Sheria za kuuza mali chakavu, kama ile ya Kenya ya mwaka 2015 ya ununuzi na uondoshaji wa mali, zina maana yake, na pasipo hizo tungekuwa pabaya zaidi. Ninachouliza ni utaratibu unalinda kitu gani. Kwa ushahidi wa ua wenyewe, unalinda karatasi. Faili lina kurasa zake zote, zimepigwa namba kwa mkono, hakuna hata moja iliyonyofolewa. Pikipiki ambayo faili linaielezea haina betri, haina vioo, haina kabureta. Kwenye mdomo wa injini pamesokomezwa tambara. Geti lilikuwa na mlinzi, daftari la kuingia na kutoka lipo, na kabureta haikusaini. Kabureta haiozi ikatoweka. Ilifunguliwa kwa spana namba 10, na mtu aliyejua alichokifuata, ndani ya ua ambao raia wa kawaida haruhusiwi kuingia bila kuacha kitambulisho.

Hatimaye kibali hupatikana na tangazo la mnada hubandikwa: mali zitauzwa kama zilivyo na mahali zilipo. Hii ndiyo sentensi pekee katika faili zima ambayo pikipiki yenyewe ingekubali kuitia saini. Mwanagenzi wetu, kijana mwenye akiba ndogo na seti ya spana za kuazima, ananunua moja, anaisukuma mpaka nyumbani, anaipatia kabureta ya mtumba, anamwaga oili iliyokuwa nyeupe kwa maji, anabandua sahani za klachi zilizoshikana, anatikisa tangi lenye nati na siki mpaka kutu itoke. Kazi ya wiki chache. Cheche, mafuta, mkandamizo: injini inawaka. Kilichobaki ni kubadilisha jina kwenye kadi, na ofisi ya usajili inataka barua ya muuzaji pamoja na kadi halisi. Muuzaji ni serikali. Kadi halisi imo kwenye faili, faili limo kwenye kabati, na mwenye ufunguo wa kabati yuko semina Morogoro.