Mjomba Yuko Angani, Kuku Yuko Jikoni

Kutoka Würzburg, Ujerumani, hadi Mwanza ni kama kilomita 6,200 kwa mstari ulionyooka. Mpwa mmoja wa Mabatini, Mwanza, alizigawa kwa mwendo wa ndege, kilomita 900 kwa saa, akapata saa saba. Akatangaza kwamba mjomba akinywa chai ya asubuhi Ujerumani, cha usiku atakula nyumbani. Kuku akachinjwa.

Wakamla wenyewe.

Würzburg na Mwanza ni miji ndugu rasmi tangu 1966, ila undugu huo haujaleta ndege. Würzburg yenyewe haina ndege za abiria. Mjomba alipanda treni mpaka Frankfurt, akaruka saa saba na nusu hadi Addis Ababa, akasubiri, kisha saa nyingine mbili na ushee hadi Dar es Salaam. Hapo alikuwa ameshaipita Mwanza! Ilibaki nyuma, kilomita 850 kaskazini magharibi, na ikabidi akate tiketi ya kuirudia. Vipande vyote vya angani vikijumlishwa vinakaribia kilomita 8,000.

Korongo hawana shida hizo. Mwaka 1822 mmoja alionekana Ujerumani akiwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni, na kwa mkuki huo Wazungu wakapata ushahidi wa mahali ndege hao wanakokwenda wakati wa baridi. Mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki wake ukiwa palepale. Safari yote ile, na hakuna aliyemtuma kwanza Dar.

Hata sangara aliwahi kumzidi mjomba. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, *Darwin's Nightmare*, ilionyesha ndege kubwa za Ilyushin zikipakia minofu Mwanza kwenda Ulaya. Samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 akapata usafiri ambao mwenyeji wa Mabatini bado anausikia tu.

Kilichomaliza nguvu za mjomba, hata hivyo, kilikuwa saa. Tiketi ya Mwanza iliandika 10:00, yaani saa nne asubuhi. Msafara wa mapokezi ukasoma saa kumi, na kwa kuwa hakuna ndugu anayepokewa alfajiri, wakaamua ni ya jioni. Hiace ilipoingia uwanja wa ndege wa Mwanza, kule Ilemela, walimkuta amelalia sanduku, koti la baridi begani, jasho likimtiririka. "Shikamoo mjomba, pole na safari." Akaitika marahaba bila kufumbua macho.

Wakati wa kurudi, dada yake alimfungia nyama choma, akaambiwa aitoe: Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri wa kutoka huku kuingia na nyama wala maziwa. Samaki aliyetolewa matumbo anaruhusiwa hadi kilo 20, au samaki mmoja hata akizidi uzito huo. Kanuni hiyo iliandikwa na mtu asiyewajua sangara wa Mwanza, ambao wapo wanaopita kilo 100. Shemeji alipoisikia alianza kuulizia mwalo gani una sangara wa namna hiyo. Ni shirika la ndege, lenye mizani yake, lililomwokoa mjomba.

Kwa hiyo, ndugu wa Mabatini, msipige hesabu za kilomita. Ulizeni ndege inatua Ilemela saa ngapi, asubuhi au jioni, na kuku mwacheni atembee mpaka mjomba apige simu akiwa Mwanza.