Tangi la Pikipiki ya Baba

Pikipiki ya baba ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, inakwenda kilomita chache, halafu inakata. Fundi alifungua kabureta akakuta unga wa kahawia umetuama ndani. Akasafisha. Haukupita muda unga ukarudi. Ndipo nilipofungua mfuniko wa tangi nikamulika kwa tochi ya simu: bati lote la ndani lilikuwa limeota magamba ya kutu, ukiligusa kwa kidole yanabanduka.

Ni Honda CG125, aina iliyotoka mwaka 1976, iliyoundwa kwa ajili ya nchi ambako barabara ni mbovu na fundi yuko mbali. Baba aliipanda miaka yote ya ubwana shamba, kutoka Tanga mjini hadi vijiji vya Muheza. Alipostaafu ikabaki bandani, tangi likiwa nusu. Ugonjwa ulianzia hapo. Tangi lenye nafasi hupumua kupitia tundu la mfuniko, na hewa yetu ya pwani imejaa maji. Usiku bati linapopoa, maji hayo hugeuka matone kwenye kuta na kushuka chini, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Yakishafika hayana pa kutokea. Hukaa chini ya petroli yakila bati, masika hadi masika.

Kikao cha nyumbani kilikuwa kirefu. Baba alitaka tangi lipelekwe kuchomelewa. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Pangani, alisema linunuliwe jipya watu walale. Mke wangu ndiye aliyeuliza swali la maana: nani atapeleka moto kwenye bati lililokunywa petroli miaka yote hiyo? Kinachowaka ni mvuke, na ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 1.4 na 7.6, cheche moja yatosha. Ndiyo maana tangi lililomwagwa ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Ikapitishwa: litasafishwa na kuzibwa hapahapa nyumbani, bila moto.

Lakini moto ulikuwepo. Mama mkwe alikuwa na jiko la mkaa uani, mafuta ya maandazi yamekwisha chemka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini ukatafuta moto ulipo.

"Mama, nakuomba jiko lihamie upande wa pili wa nyumba."

"Mie nihamishe jiko kwa ajili ya bati, mwanangu?"

Mke wangu alimweleza, naye akahamisha. Tangu hapo akawa mlinzi: hakuna mtoto aliyepita na kiberiti asirudishwe.

Tuliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tukasuuza, tukarudia mpaka harufu ya petroli ikaisha. Kisha tukatia mnyororo mfupi uliofungwa waya, watoto wakapokezana kutikisa. Mnyororo ni bora kuliko nati, maana ukiuvuta unatoka wote. Nati ikijificha pembeni haitoki kwa urahisi. Baada ya hapo ikaja zamu ya siki, dawa ya kutu isiyohitaji mtambo wowote. Tangi hili hubeba lita zipatazo 12, kwa hiyo ilibidi ziingie hata chupa ambazo mama mkwe alizinunua kwa ajili ya achari ya embe. Alizitoa kwa sharti zirudishwe. Tukaliacha barazani juu ya gunia, tukalala.

Asubuhi gunia lilikuwa chapachapa. Siki ilikuwa imetapakaa sakafuni, na ile rangi nyekundu ambayo mke wangu huipaka kila sikukuu ilikuwa imeliwa, saruji imebaki na duara jeupe. Tuliligeuza tangi. Karibu na koki, kwenye maungio ya bati, palikuwa na vitundu vya kupitisha ncha ya sindano. Baba alivitazama, kisha akasema, "Hapo niliwahi kupaka sabuni ya mche, njiani, kwenye mvua." Waendesha pikipiki wengi wanaijua dawa hiyo: petroli haiyeyushi sabuni, basi hushika. Maji ya moto ndiyo yaliyoiyeyusha, na siki ikamaliza kutu iliyokuwa imejishindilia humo ikazuia tangi lisivuje.

Mke wangu hakupandisha sauti. Alileta magadi ya kupikia maharage, akayamwaga sakafuni ili yavunje ukali wa siki, povu likapanda na kushuka. Magadi hayohayo tukayakoroga kwenye ndoo tukasuuzia tangi.

Ndani chuma kilikuwa kimetoka cheupe, na nikiwa bado nakitazama kikaanza kugeuka rangi ya chungwa. Chuma kilichovuliwa kutu hakina ngozi. Kikiwa kibichi kwenye hewa ya bahari, dakika chache zatosha. Tulirudia siki kwa muda mfupi, tukasuuza upesi, tukatia spiriti inayobeba maji inapokauka, tukalianika kwenye jua na upepo wa kaskazi. Harufu ya spiriti ilipokwisha kabisa, ndipo mke wangu alipotoa mashine yake ya kukaushia nywele.

Vitundu tuliviziba kwa nje kwa gundi ya chuma. Dawa ya ndani ni epoksi ya makopo mawili, iliyokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Tundu la koki tulilifunga kwa bolti iliyopakwa grisi, tukamimina, na baba akalishika tangi akalizungusha taratibu kila upande, akisikiliza dawa inavyotembea. Iliyozidi tukaimwaga, maana ikituama hukauka vibaya na kuziba njia ya mafuta. Jioni ileile baba alitaka kutia petroli. Mama mkwe akamkatalia: "Hata achari haifunguliwi kabla ya siku zake." Tukangoja muda ulioandikwa kwenye kopo.

Leo pikipiki inakwenda Muheza na kurudi, na kabureta ni safi. Siki ya mama mkwe imerudishwa na sakafu imepakwa upya. Ninayaandika haya kwa sababu yako matangi mengi yanayopakwa dawa juu ya kutu na kurudishwa kwa wenyewe yanang'aa. Epoksi hushika chuma safi na kikavu tu. Ikipakwa juu ya kutu, siku moja itabanduka vipande vipande na kuziba koki, na kijana wa bodaboda atazimikiwa mbele ya lori. Anayetaka kuziba tangi lake aanze na maji na sabuni, asifungue kopo la dawa kabla bati halijakauka, na fundi akimwambia kwamba yatosha kupaka juu kwa juu, abebe tangi lake aende kwingine.