Shikamoo, Utomvu

Watu wa mjini hawana shukrani. Wakipata kivuli cha kuegeshea gari wanausifu mwembe. Wakikuta boneti imejaa madoa wanaulaani utomvu, kana kwamba hao wawili hawaishi nyumba moja. Leo nasimama upande wa utomvu, ingawa gari lenyewe ni langu, tena jeupe.

Kwanza nasaba. Huyu si mtoto wa jana. Karne ya 19, sandarusi, yaani utomvu wa msandarusi uliokaukia ardhini miaka na miaka, ilichimbwa pwani ya Mrima, ikavushwa Unguja, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikaibeba kwenda kutengenezewa vanishi. Vanishi hiyo iling'arisha hata magari ya farasi. Mara nyingine ndani ya kipande cha sandarusi alikutwa mdudu aliyenaswa zamani, mbawa zake zote zipo. Kwa hiyo utomvu ukitua juu ya gari langu haujavamia. Umerudi kazini kwake kwa zamani, ukakuta nafasi imeshachukuliwa na rangi ya kiwandani.

Wa mwembe, nakiri, ni mkali. Ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na aliyewahi kukata kikonyo cha embe bichi karibu na midomo hahitaji kuelezwa.

Halafu unaunganisha watu. Jirani yangu mmoja salamu yake ilikuwa honi tu. Siku aliponiona nimechuchumaa mbele ya boneti, ukucha unafanya kazi isiyo yake, alishuka na ushauri: mafuta ya taa. Mama wa genge akampinga: mafuta ya kupikia. Kijana wa kuosha magari hakubishana na mtu. Alichomoa stilwaya, na nilimdaka mkono dakika ya mwisho.

Haki nayo itendeke. Madoa mengine unasingiziwa tu. Ni kinyesi cha wadudu wanaofyonza majani, kitamu kama sukari, na maji ya uvuguvugu yanakitoa. Utomvu wenyewe hauna habari na maji. Unataka ubembelezwe: gari lipoe, kitambaa laini cha pamba kiloweshwe spiriti ya vidonda, kilazwe juu ya tone kwa dakika moja hivi. Ukingo unalainika kwanza, kisha tone zima linageuka ute wa rangi ya chai, na hapo ndipo unafuta taratibu, bila kukwangua. Baadaye sabuni, maji mengi, na nta, maana spiriti haibagui: inaondoka na doa pamoja na nta iliyokuwa inailinda rangi.

Nani mwingine angenifanya nilitazame gari langu pua ikiwa karibu kugusa bati? Ndivyo nilivyougundua mkwaruzo wa mlangoni. Mke wangu anasema upo tangu tulinunue. Sikuuliza zaidi.

Madoa yote nimeyatoa, isipokuwa moja juu ya paa, la rangi ya asali, lenye sisimizi katikati, miguu yote sita inaonekana. Hilo siligusi. Mnunuzi wa Salem akirudi, tutaongea bei.