Adui Asiye na Matanga

Katika filamu ya Top Gun, iliyotolewa Marekani mwaka 1986, Goose, mwenzi wa shujaa ndegeni, afapo kwa ajali ya mazoezi, wala hakuna adui aliyemgusa, sisi watazamaji twapewa fursa kamili ya kumlilia: mjane wake twaonyeshwa, mwanawe twamjua, na swahibu wake akitupa baharini kibati chenye jina la marehemu kwa huzuni isiyo kifani. Ama wale marubani wa upande wa pili, walipuliwao juu ya Bahari ya Hindi, yaani bahari yetu hii hii, wamevishwa vioo vyeusi usoni, hawana jina, wala nasaba, wala hata nchi ya kudai maiti zao. Na ndege yao yenyewe, iitwayo MiG-28, haikuwahi kuundwa popote duniani, bali ni F-5 ya Kimarekani iliyopakwa rangi nyeusi. Wakisha kufa, manowarini ni nderemo. Mwaka 2022 ikatoka filamu ya pili: ndege za adui mpya, vioo vile vile. Nami simlaumu mtayarishaji, kwani asiye na mama hahitaji matanga, na matanga, kama ajuavyo kila aliyewahi kununua mchele wa waombolezaji, yana gharama.